Mji wa Bibi: Safeya Binzagr na Jeddah Aliyoirudia

Neno roshani limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu hata tumesahau kwamba lilikuja na jahazi. Kwetu ni ile sehemu ya ghorofa inayochomoza juu ya njia, mahali pa kukaa jioni na kutazama wapitao. Huko Jeddah, bandari ya Hijazi katika Bahari ya Shamu, neno hilohilo, roshan, ni dirisha kubwa la mbao lililotokeza nje ya ukuta mithili ya sanduku, na vibao vyake vyembamba vimepangwa ili aliye ndani aione njia na aliye njiani asimwone aliye ndani. Nyuma ya roshani hizo ziko nyumba za matumbawe na chokaa, zenye ghorofa tatu, nne, hata zaidi, na ndani ya kuta zake imelazwa miti ya kushikilia mawe yasipasuke. Mbao za msaji zilitoka India na mbali zaidi ya India. Mtu wa Unguja au Lamu akitembezwa katika vichochoro vya mji huo wa kale hahitaji mkalimani wa kuta: kivuli, baraza, mlango uliochongwa, chokaa inayoliwa na chumvi, vyote anavijua. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na Jeddah ya kale mwaka 2014.

Makala haya yanamhusu mchoraji wa mji huo, Safeya Binzagr, aliyezaliwa mwaka 1940 katika mtaa wa Harat al-Sham na kufariki Septemba 2024. Mara nyingi ameitwa mama wa sanaa ya kisasa ya Saudia. Sifa za namna hiyo zina ubaya wake, kwani humpa mtu cheo kisha zikaiacha kazi yake bila kutazamwa. Ninachotaka kukitazama hapa ni namna alivyojijengea hisia ya mahali katika mji uliokuwa wake kwa kuzaliwa na mgeni kwake kwa karibu kila jambo jingine. Tumezoea kudhani kwamba anayehitaji kujifunza mahali ni mhamiaji, na kwamba aliyerudi kwao anakumbuka tu. Kazi ya Safeya inaonyesha kinyume chake. Yeye hakuwa na cha kukumbuka, ilimbidi aulize.

Ukoo wa Binzagr ni wafanyabiashara wenye asili ya Hadhramaut, waliojijenga Jeddah katika karne ya 19. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni Washihiri hao, kwa jina tuliowapa sisi kutokana na bandari yao ya Shihr, waliofika pia Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija, wengine wakiwa masharifu na wanazuoni, wengine wakibeba maji na kuuza kahawa njiani. Kwa hiyo hata huko nyuma, Jeddah ya familia hiyo ilikuwa makazi mapya. Wenyeji wengi wa mji huo walikuwa hivyo: Wahadhrami, Wamisri, Wahindi, Wabukhari, Watakruri wa Afrika Magharibi, mahujaji waliokosa nauli ya kurudi au waliopata sababu ya kubaki. Watu wa Jeddah husimulia kwamba jina la mji wao latokana na neno la Kiarabu la bibi, kwa sababu hapo ndipo inaposemekana kuwa alizikwa Mama Hawa. Wataalamu wa lugha wana mashaka yao, na kaburi lenyewe lilivunjwa katika miaka ya 1920. Jina hilo la bibi, hata hivyo, litatufaa mbele.

Mji huo ulizungukwa na ukuta uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 16, chini ya amri za Masultani wa Kimamluki wa Misri, na kamanda aliyeusimamia akiitwa Husayn al-Kurdi. Sababu ya ukuta ilikuwa Wareno. Wareno waliozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 ndio waliotokea mbele ya Jeddah mwaka 1517, wakashindwa kuingia. Ninapofundisha historia ya pwani hupenda kuzitaja tarehe hizo mbili pamoja, kwa sababu vitabu vyetu vya shule huieleza hujuma ya Wareno kana kwamba bahari yao iliishia Lamu. Ndani ya ukuta kulikuwa na mitaa minne mikuu: al-Sham upande wa kaskazini, al-Yaman upande wa kusini, al-Mazlum, na al-Bahr uliogusa bahari. Kila mtaa ulikuwa na wazee wake, ngoma zake, ugomvi wake na mitaa mingine, na heshima yake.

Ukuta ulibomolewa mwaka 1947. Fedha ya mafuta ilikuwa imeanza kuingia na mji ukataka kunyoosha miguu. Katika miaka hiyohiyo familia ya Binzagr ilimhamishia Cairo binti yao, akiwa na umri wa miaka 7. Huko alisoma hadi akamaliza sekondari, kisha akapelekwa Uingereza kwa masomo zaidi. Ni njia iliyofahamika kwa matajiri wa Hijazi wa wakati ule, kwa kuwa shule za wasichana nyumbani zilikuwa chache mno. Serikali ya Saudia ilianza rasmi kusomesha wasichana mwaka 1960 tu. Safeya aliporudi Jeddah mwaka 1963 alikuwa na miaka 23, na miaka 16 kati ya hiyo alikuwa ameishi kwingine. Alizungumza kama mtu aliyelelewa Cairo, akavaa kama mtu aliyetoka London, na mji aliouacha ukiwa ndani ya ukuta ulikuwa sasa unakimbilia jangwani.

Hapa ndipo wengi wanaposimulia habari yake kwa namna iliyo rahisi: msichana alirudi, akaona mji wake wa utotoni unatoweka, akaanza kuuchora ili kuuhifadhi. Simulizi hiyo ina ukweli, na yeye mwenyewe alisisitiza sana wajibu wa kuhifadhi. Lakini mtoto wa miaka 7 anakumbuka nini? Harufu ya ngazi, sauti ya muuza maji, pindo la nguo ya mtu fulani. Hajui bibi harusi alikaa vipi siku ya kwanza na siku ya pili, nani alimpaka hina, nani aliimba, kilemba kilifungwa kwa mizunguko mingapi, nguo ipi iliitwa nani. Mambo hayo hujulikana na watu wazima, tena wanawake watu wazima, na mtoto hupewa polepole kadiri anavyokua miongoni mwao. Safeya hakukua miongoni mwao, na sehemu hiyo ya elimu haikuwepo Cairo wala London.

Akaenda kuiomba. Aliwaendea wanawake wazee wa familia za Jeddah, akawauliza juu ya harusi, mavazi, michezo ya watoto, mapishi, vikao vya kina mama. Akakusanya nguo zenyewe kutoka masandukuni, pamoja na mapambo na vyombo. Katika miaka ya 1960 halikuwa jambo la kawaida mwanamke wa familia kama yake kukaa na turubai lake katikati ya kichochoro akichora wapita njia. Lakini ndani ya nyumba, nyuma ya roshani, alikuwa na ruhusa ambayo mchoraji mwanamume asingeipata kamwe. Jambo hili halijasisitizwa vya kutosha. Wachoraji wanaume wa Hijazi waliweza kuchora nje ya nyumba: kuta, milango, masoko, jahazi bandarini. Safeya alikuwa na mlango wa kuingilia ndani. Kwa hiyo Jeddah yake ina watu kabla ya kuwa na majengo, na watu hao wanashughulika: wanamvisha bibi harusi, wanamlaza mtoto, wanamimina kahawa, wanasubiri.

Mwaka 1968 yeye na mwenzake Mounirah Mosly walifanya maonyesho ya michoro yao katika shule ya wasichana ya Dar al-Tarbiya al-Haditha, Jeddah. Mara nyingi hutajwa kuwa maonyesho ya kwanza ya sanaa kufanywa na wanawake nchini Saudia. Yalifanyika shuleni kwa sababu nyumba ya maonyesho haikuwepo. Mwaka uliofuata alichora picha iliyokuja kumtambulisha kuliko nyingine zote, Zabun. Zabun ni vazi refu la wanawake wa Hijazi, lililofunguka mbele, la kuvaliwa siku ya shughuli; lisichanganywe na zabuni yetu ya serikali, ambayo haijapata kumpendezesha mtu yeyote. Mwanamke aliyevaa vazi hilo, la rangi ya manjano, ameketi akimkabili mtazamaji. Baadhi ya waandishi wameiita Mona Lisa ya Hijazi. Mimi ningependa tuachane na Mona Lisa. Uzito wa picha hii uko katika nguo, na yeyote aliyewahi kuona bibi akifungua sanduku la msaji na kutoa kanga ya harusi yake anajua jinsi nguo inavyoweza kutunza tarehe.

Kwetu jambo hili limekwisha kufanyiwa utafiti mzuri. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar baada ya utumwa, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na merikani, nguo za watumwa, wakavaa kanga na baadaye buibui ili kudai nafasi mpya mjini. Mavazi yalikuwa hoja yao ya kisiasa. Tukiisoma Zabun kwa macho hayo, tutaona kwamba Safeya alipokusanya nguo alikuwa anakusanya nyaraka za watu ambao hawakuandika. Katika miaka ya 1970 alisoma uchoraji na sanaa ya uchapaji katika Chuo cha St Martin's, London, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha picha zake kuhusu Saudia ya zamani. Katika miaka ya 1990 alifanya mfululizo aliouita Turathuna, yaani turathi zetu, wa mavazi ya maeneo mbalimbali ya nchi. Miaka 30 ya kazi, na swali ni lilelile: hii iliitwaje, ilivaliwa lini, na nani.

Wakati huo mji ulikuwa unafanya kazi yake nyingine. Kupanda kwa bei ya mafuta baada ya mwaka 1973 kuliijaza Jeddah saruji. Meya wake wa wakati ule, Mohamed Said Farsi, alizipanga barabara, akatengeneza ufukwe, akanunua sanamu za Henry Moore, Miró na Calder zikasimamishwa kando ya bahari. Familia za mji wa kale zilihama moja baada ya nyingine. Ziliifunga nyumba ya matumbawe, zikajenga nyumba mpya yenye uwanja wa magari na mashine ya kupoza hewa katika mitaa iliyochorwa kwa rula. Mji wa mamia ya nyumba ndani ya ukuta ukawa jiji ambalo leo lina watu zaidi ya milioni 3.

Mmoja wa mitaa hiyo mipya unaitwa Al-Naseem. Riyadh nayo ina Al-Naseem yake, upande wa mashariki, kubwa kiasi cha kugawanywa kuwa ya Mashariki na ya Magharibi. Maana ya jina ni upepo mwanana, ule unaokuja taratibu jua likielekea kuzama. Sitaki kuwadhihaki wanaoishi huko, maana mitaa yetu ya Dar es Salaam ina majina yasiyo na aibu zaidi. Lakini kuna jambo la kuzingatia. Nyumba ya zamani ya Jeddah ilikuwa chombo cha kukamatia upepo. Roshani zilielekezwa bahari, hewa ikapita kwenye vibao, ikagusa magudulia ya maji yaliyowekwa dirishani, ikapanda na ngazi hadi juu. Hakuna mtaa uliohitaji kuitwa Upepo. Mpangaji wa mji wa miaka ya baadaye alipojenga nyumba zilizofungwa pande zote, zenye upepo wa kununua kwa umeme, alilitundika neno kwenye kibao cha mtaa. Hapo ndipo walipohamia wengi, wenyeji na wageni, na hapo ndipo hisia ya mahali ilipohitaji kuanza upya, bila ukuta wa matumbawe wa kuegemea.

Na nani aliingia katika nyumba zilizoachwa? Watu wasio na uwezo wa kwenda Al-Naseem: vibarua wa kigeni, wakimbizi, mahujaji wasiorudi, Wasomali, Wayemeni, Wasudani, Wabangladeshi. Chumba kilichokuwa cha bibi mmoja na wajukuu wake kikapangishwa kwa vijana kumi. Sakafu zikaoza, nyaya za umeme zikashika moto. Ni hadithi tunayoijua neno kwa neno. Baada ya mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka au kuondolewa, serikali ikawaweka watu wa shamba na wa Ng'ambo ndani ya majumba, wakati huohuo majengo marefu ya Michenzani yakinyanyuka kwa mchoro wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 ikiwa tayari imechelewa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe, watu wakiwa ndani.

Kwa sababu hiyo, wapo wanaoitazama kazi ya Safeya Binzagr kama maombolezo ya tabaka lililohama. Hoja yao ni nzito na haifai kupuuzwa. Wanasema amechora mji wa harusi na hina, mji wa familia zenye majina, mji ambao jasho lake halionekani. Wanasema pia kwamba picha za turathi huwafaa sana watawala: hazimkosoi mtu, zinapendeza ukutani, na humsaidia mwenye tingatinga kulala usingizi. Nimewahi kusikia hoja ya aina hiyo ikitolewa juu ya wasanii wetu wanaochora milango ya Zanzibar kwa ajili ya watalii, na mara nyingi nimekubaliana nayo.

Kwa Safeya sikubaliani nayo yote. Mchoraji wa milango huchora kitu ambacho mnunuzi tayari anakitaka. Safeya alijulikana kwa kukataa kuuza picha zake. Alizishika karibu zote pamoja, akisema kwa vitendo kwamba ni kumbukumbu moja isiyokatwa vipande. Alianza kujenga nyumba yake ya sanaa, Darat Safeya Binzagr, katikati ya miaka ya 1990 na kuifungua mwaka 2000, ikiwa na picha, mavazi aliyoyakusanya, maktaba, na nafasi ya kuwafundisha watoto. Sanaa ya turathi ya kumfurahisha mtalii haifanyi hivyo. Mwanamke huyo alichukua elimu aliyopewa na wazee akairudisha kwa wajukuu wao, ambao wengi walikuwa wamezaliwa katika mitaa ya saruji na hawajui kilemba cha Hijazi kina mizunguko mingapi, kama yeye mwenyewe alivyokuwa hajui mwaka 1963.

Lakini sehemu moja ya lawama inabaki, na inatuhusu sisi. Utumwa ulipigwa marufuku Saudia mwezi Novemba 1962, mwaka mmoja tu kabla Safeya hajarudi. Katika nyumba kubwa za Jeddah walikuwamo watu waliokuwa wamenunuliwa, au watoto wa walionunuliwa: kutoka Uhabeshi, Sudan, na wengine, katika karne ya 19, kutoka pwani yetu. Waliteka maji, walinyonyesha, walipika, waliimba harusini. Walikuwa nyuma ya roshani ileile. Kiini cha picha za Safeya ni mwenye nyumba na jamaa zake. Nguo yake ina jina, na siku yake ya harusi ina utaratibu. Mwulizaji huenda kwa anayemfahamu, na majibu hubeba mipaka ya mjibu. Bibi wa Harat al-Sham alipoulizwa habari za harusi yake alisimulia vito vyake kwa kirefu. Aliyembebea vito hivyo hakuulizwa.

Msanii mwingine, mzaliwa wa Unguja, ametuonyesha upande huo. Lubaina Himid alizaliwa mwaka 1954; baba yake alifariki angali mchanga, na mama yake, Mwingereza mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ameishi na kufundisha Preston, katika jimbo la Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba. Mwaka 2004 alitengeneza Naming the Money, maumbo bapa 100 ya watu wa kimo halisi: watumishi Waafrika wa majumba ya kitajiri ya Ulaya, kila mmoja akiwa na jina alilopewa na wazazi na jina alilobandikwa na bwana wake. Mwaka 2007, kwa ajili ya mji wa Lancaster, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, alichukua vyombo 100 vya mezani vya zamani, sahani na mabakuli na majagi, akavichora nyuso za watumishi hao pamoja na matajiri wa mji. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata.

Himid na Safeya wanafanana kuliko inavyoonekana. Wote wawili wametengwa na mahali pao pa kuzaliwa wangali wadogo. Wote wawili wameingia mahali kwa njia ya nguo na vyombo. Na wote wawili hawakusubiri kukaribishwa. Tofauti ni kwamba Himid, asiye na bibi wa kumuuliza Lancashire, aliiuliza sahani. Alikuwa mgeni kamili, na mgeni kamili hana mwenye nyumba wa kumlindia heshima. Safeya alikuwa mgeni nusu. Alipokewa, akapewa kahawa, akaonyeshwa sanduku, na adabu ya kupokewa ina gharama yake. Sidhani kwamba angeweza kuchora vile alivyochora bila kuilipa.

Serikali ya Saudia sasa inakarabati mji wa kale kwa fedha nyingi. Nyumba ya Nasseef, ambamo Mfalme Abdulaziz alifikia baada ya kuutwaa mji mwaka 1925, inasimama na mti wake mlangoni, mti ambao watu wa Jeddah husema ulikuwa wa pekee mjini hata nyumba ikaitwa nyumba yenye mti. Ni mwarobaini, kwa faida ya wasomaji wa Muscat na Toronto wanaodhani kwamba mwarobaini ni wa kwao pekee. Roshani zinachongwa upya. Makahawa na maduka ya vitu vya sanaa yamefunguliwa katika vyumba ambamo vijana kumi walilala.

Kuanzia Oktoba 2021 jiji hilohilo lilibomoa mitaa mingi ya kusini na katikati, ikiwemo Ghulail na al-Sabeel, iliyokuwa imejengwa bila mpango na kukaliwa kwa vizazi viwili au vitatu na watu wenye asili ya Afrika, Yemen na Asia. Mitaa hiyo haikuwa na matumbawe wala msaji, na hakuna atakayeiandikia UNESCO. Ilikuwa na wanawake waliofika kwa hija na kuzaa huko, waliojua nani alimwoa nani, bidhaa gani ziliuzwa wapi siku ya Ijumaa, mtoto alivalishwa nini siku ya arubaini. Walihamishwa na mizigo yao kuelekea mitaa mingine iliyo mbali zaidi na bahari.

Familia zinazozungumza Kiswahili zimekuwepo Hijazi muda wote huu, kwa hija, kwa elimu, kwa kazi, kwa ndoa. Ziko Jeddah, ziko Makka na Madina, na baadhi ya watoto wao wamefuata ajira hadi Riyadh. Katika makabati ya nyumba hizo kuna kanga zilizoletwa na wageni wa kila mwaka, picha zilizopigwa studio, kaseti za taarab na kaseti za sauti ambazo ndugu walijirekodi kwa sababu barua ilichelewa. Wenye makabati hayo wengi sasa wana umri waliokuwa nao wale bibi wa Harat al-Sham Safeya alipobisha hodi.